Mali kauli: mwongozo kamili wa kumshuhudia Kristo kwa mwenendo

Ukifika soko la samaki la Bagamoyo asubuhi, vyombo vinapoingia kutoka baharini, utamsikia dalali akinadi, na katikati ya kelele hizo utamwona mama asiye na hata elfu tano mkononi akiondoka na ndoo nzima ya vibua. Hakuiba. Amechukua mali kauli. Ataparua, atakaanga, atauza, na jioni atapeleka pesa ya watu. Hapakuandikwa kitu, hapakuwa na mdhamini, wala hakuna aliyemuuliza anasali wapi. Dalali alimtazama usoni, akakumbuka jana na juzi, akasema, "Haya, chukua."

Mimi ni mkaanga samaki. Nilizaliwa Uluguru, nikaolewa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa kumi na tisa niko mbele ya karai. Ni Mkatoliki. Nimekaa kwenye semina nyingi za uinjilishaji, nyingine zenye chai na maandazi, nyingine kavu, na zote zilinipa maneno ya kusema. Ndoo ya mali kauli ndiyo iliyonionyesha kwamba kabla sijafungua mdomo watu wamekwisha kunisoma.

Kwa hiyo nawaandikia wenzangu wa uswahilini: wewe unayeishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na choo kimoja, majirani wengi Waislamu, riziki ya mkono kwenda kinywani. Mapadri na wachungaji wana miongozo yao.

Tuelewane kwanza juu ya neno "shahidi". Mshitakiwa akisimama kizimbani akajisifu, hakimu anaandika tu. Anachongoja ni waliokuwapo wasemeje. Mtaani ni vivyo hivyo. Tunasema "namshuhudia Kristo", lakini ushuhuda wenyewe anautoa jirani, tena mara nyingi wewe haupo. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wao ni barua inayojulikana na kusomwa na watu wote. Barua haichagui msomaji, wala haisimami pembeni kumwonyesha aanzie mstari gani.

Hatua ya kwanza: andika madeni yako yote

Wengi wangeanza na sala. Mimi naanza na daftari, na sababu ninayo.

Kuna mwaka mwanangu aliumwa, nikakopa shilingi 45,000 kwa jirani yangu, bibi mtu mzima, Mwislamu, muuza vitumbua wa nyumba ya pili. Nikamwahidi wiki mbili. Zikawa miezi miwili. Nikaanza kupita njia ya nyuma, ya kwenye minazi, nisikatize barazani kwake. Na kila alfajiri nilikuwa nawahi Misa, rozari mkononi. Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha, njia ya nyuma ikajaa maji, ikanibidi nipite mbele. Bibi alikuwa anageuza vitumbua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha akasema, "Mwanangu, huko unakokwenda kila siku, hawajakwambia habari ya deni?"

Misa ile sikumbuki hata injili iliyosomwa. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yale hayakuwa yangu peke yangu. Bibi hakuniona mimi tu nikikwepa kwa miezi miwili. Aliiona na rozari ikikwepa.

Basi nunua daftari dogo. Ukurasa mmoja, safu tatu: nani, kiasi gani, nilimwahidi lini. Safu ya tatu ndiyo inayouma, usiiruke. Usiishie kwenye pesa. Andika sufuria uliyoazima ikahamia kwako, chaja ya mwenzio, mchango wa harusi ulioahidi kikaoni halafu ukanyamaza, zamu yako ya kununua umeme wa LUKU uliyoipitisha kimya kimya wenzako wakanunua.

Kisha lipa kuanzia chini. Muuza mkaa, muuza nazi, fundi viatu. Wakopeshaji wakubwa wana vijana wa kukufuata hadi mlangoni. Muuza nazi hana mtu, ana haya tu, na haya yake ndiyo unayoitumia kumdhulumu. Samahani kwa kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya na mimi.

Kama huna, nenda kabla ya siku uliyoahidi. Ukienda baada yake, hata ukweli wako unanuka uongo. Chukua hata elfu mbili, mpe mkononi, sema, "Sina yote. Hii hapa, iliyobaki naileta Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Basi. Usimsimulie shida zako nusu saa mpaka yeye ndiye aanze kukuonea huruma. Na usiseme "Mungu akipenda" kama mlango wa kutokea. Huku Pwani kila mtoto anaijua inshallah ya kweli na inshallah ya kumtoa mtu barazani. Wala usikope kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, ili kuziba deni la jirani. Jirani atakusubiri, wale watabeba kitanda.

Na aliyekukopesha akifa, haki yake haikufa. Majirani zetu Waislamu wanalijua hili vizuri. Kwenye mazishi husimama mtu wa familia akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, maana hawataki ndugu yao alale na deni. Sasa wewe ambaye marehemu ndiye aliyekuwa anakudai, na hakuna mwingine anayejua, subiri siku chache zipite, uwaendee warithi, useme, "Baba alinikopesha laki moja, hii hapa." Wataanza kwa kushangaa. Usieleze zaidi ya hapo, chai ukikaribishwa kunywa.

Hatua ya pili: tafuta mizani ya kazi yako

Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sokoni hadaa hizo tunazijua: kisado kilichogongwa kitako kikaingia ndani, gunia la lumbesa, mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo ikabandikwa stika safi, halafu muuzaji anaegemeza kidole. Mimi siuzi kwa mizani, nauza samaki kwa kipande, kwa hiyo miaka mingi niliamini mstari ule hauna shida na mimi.

Mizani yangu ilikuwa samaki wa jana. Kibua aliyelala, ukimrudisha kwenye mafuta ya moto, ukamwagia pilipili na ndimu, mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam kupunga upepo Jumapili hamjui. Mimi namjua. Sasa nimewatengea sinia lao. Namwambia mteja kabla hajatoa pesa, "Hawa ni wa jana, bei yake nusu." Hasara ipo, sitakudanganya, hasa wiki za mwanzo. Zaburi ya 15 inamsifu mtu asiyebadili maneno yake hata yakimtia hasara, wala haisemi kwamba hasara hiyo itafidiwa mwezi ujao. Kilichonishangaza ni kwamba wateja wa sinia la jana wapo, wana watoto wengi na pesa kidogo, na siku wakiwa na pesa wanakuja kununua wa leo kwangu.

Wewe mizani yako iko wapi? Jiulize ni sehemu gani ya kazi yako ambayo mteja hawezi kuiona. Kwa bodaboda ni bei anayomtajia mgeni asiyejua njia. Kwa fundi cherehani ni kitambaa kinachobaki, na ile "njoo Alhamisi" wakati hajakata hata kola. Kwa mwalimu ni kipindi kinachopita yeye yuko ofisini na simu. Kwa karani ni "njoo kesho" inayosubiri bahasha. Ukishaipata sehemu hiyo, ifunue mwenyewe.

Mji wetu una kisa cha uaminifu usio na mkaguzi, na kila siku kuna wageni wanaolipa kuja kukisikia. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika palepale, wakagawana mizigo, kila mtu akashika njia yake. Nani angewauliza? Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu karibu miezi tisa, pamoja na maandishi yake, mpaka wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa usiku kwenye kanisa la misheni, penye mnara ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Chuma alikuwa amebatizwa India. Susi wakati huo hakuwa Mkristo. Wageni wakifika mnarani wanauliza habari za Mzungu. Mimi nikipita pale nawawaza wabebaji, na mzigo ambao mwenyewe hakuwa na namna tena ya kuukagua.

Hatua ya tatu: punguza viapo

Hii ni fupi. Kwa mwezi mmoja acha kusema "haki ya Mungu", "Mungu shahidi", "naapa kwa jina la Yesu". Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo yenu iwe siyo. Utaona siku tatu za kwanza watu hawakuamini bila kiapo, na hapo utajua ulikuwa umefika wapi. Pamoja na hilo, acha kusema "niko njiani" wakati bado unajifunga kanga chumbani. Sema, "Sijatoka, nusu saa." Huu nao ni uinjilishaji, ingawa hakuna semina inayoufundisha.

Hatua ya nne: waangalie wanaokula kupitia kwako

Misheni ya Bagamoyo iliwekwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na Wakristo wake wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Tunapoisimulia tunapenda kusimulia msalaba na mbuyu mkubwa. Lakini wale waliokombolewa waliwasoma mapadri kwanza shambani, na kwenye kengele ya kazi, kabla ya kuzoea katekisimu. Nidhamu ilikuwa kali, na wapo waliokimbia. Siwabezi mapadri wale. Imani yangu imepita mikononi mwao kabla ya kupanda milima hadi Uluguru. Nasema tu kwamba mtu aliye chini yako hana jinsi ya kuacha kukusoma. Anakusoma ukiwa na njaa, ukiwa umekasirika, na ukiwa unahesabu pesa.

Mimi nina kijana anayeniparulia samaki. Wewe labda una dada wa kazi, au fundi msaidizi, au kijana wa genge. Fanya mambo haya, na uyafanye kwa mpangilio. Kubalianeni ujira kabla ya kazi, kwa hesabu na siyo kwa "tutaelewana". Mlipe siku yake hata kama biashara ilikuwa mbaya, maana kijana hakuwa mshirika wako kwenye faida, basi asiwe mshirika wako kwenye hasara. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Ale chakula mnachokula ninyi, kwenye sahani ya aina moja na zenu. Kama ni Mwislamu, Ijumaa aende msikitini bila kukuomba kwa kunyenyekea. Jua tu kwamba saa hizo karai ni lako.

Na umwite jina lake. Kuna nyumba za Wakristo, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, ambako binti wa kazi amekaa mwaka mzima anaitwa "wewe".

Hatua ya tano: ulimi, kanga na simu

Uani kwetu vita haviji na mapanga, vinakuja na kanga. Mtu amegombana na mwenzie asubuhi, mchana anatoka amejifunga "Hasidi hana sababu", anapita mara tatu kwenda kuchota maji ambayo hayahitaji. Nimefanya hivyo. Ilikuwa tamu kwa saa moja hivi.

Ushauri wangu ni huu. Ukiwa na neno na mtu, usiliseme kwa kanga, wala kwa kumkemea mtoto wako kwa mafumbo, wala kwa kuweka maneno ya Biblia kwenye stetasi ya simu yakiwa yamemlenga jirani. Hili la mwisho limekuwa ugonjwa kwetu Wakristo: Zaburi nzima ya maadui inapachikwa saa mbili usiku kwa ajili ya mama mmoja wa chumba namba nne. Nenda kwake, piga hodi, ongeeni wawili, na kama hamkuelewana rudini kila mtu kwake. Ukisikia habari za mtu bombani, jifunze sentensi moja ya kukwepa: "Hilo mimi silijui, tumuulize mwenyewe." Itakufanya usipendeze sana bombani. Itakufanya pia uwe mtu ambaye watu wanamletea siri zao.

Hatua ya sita: sahani, sufuria na misimu ya dini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mkristo wa Pwani anaposomwa kwa karibu zaidi.

Mwezi wa Ramadhani mimi sikaangi asubuhi. Nawasha karai alasiri, samaki wawe tayari watu wanapojiandaa kufuturu. Mchana nikila, nakula ndani, na watoto wangu nimewazoesha hivyohivyo. Hakuna anayenilazimisha, nafanya kwa sababu jirani yangu ana kiu. Lakini usijifanye umefunga kama hujafunga. Ukiulizwa, jibu, "Mimi sijafunga, mama, ila pole na swaumu." Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza zikiwa zimeachana siku chache tu, na uani kwetu ukawa na mifungo miwili chini ya mwembe mmoja. Bibi wa vitumbua aliniuliza sisi tunafungaje, nikamweleza, akasema mfungo wetu mwepesi. Nikakubali. Kuna haja gani ya kubishana kuhusu njaa?

Futari ikiletwa, pokea kwa mikono miwili na kula. Sahani usiirudishe tupu. Hata kama ni ndizi mbili au vipande vya samaki, kitu kiwemo. Ukirudisha sahani tupu mara tatu, umeshasema neno ambalo utahitaji mwaka kulifuta.

Krismasi na Pasaka unapotaka kupeleka chakula kwa majirani, kuku achinjwe na Mwislamu. Mwite kijana au mzee wa jirani asubuhi, achinje hapo uani watu wakiona, na umshukuru. Wapo Wakristo wenzangu wanaosema huko ni kujishusha. Nimewasikia, na bado naona chakula unachompelekea mtu akikipokea kwa wasiwasi, kisha akampa paka, kilikuwa cha kukufurahisha wewe. Paulo katika 1 Wakorintho 8 alisema kama chakula kinamkwaza ndugu yake hatakula nyama kamwe, naye alikuwa anajua vizuri uhuru wake.

Kuhusu kitimoto nitasema wazi. Kama unakula, kale inakouzwa, urudi. Usiipike uani kwenye ukuta wa pamoja, usiilete kwenye mfuko ukauning'iniza mlangoni, na zaidi ya yote usiigusishe sufuria ambayo wenzako huazima. Jirani anakuazima sufuria kwa imani. Ukimvunjia hiyo, hata akikusamehe, hatakuazima tena, na atakuwa na haki.

Redio na spika: adhana ikianza, punguza kwaya. Dakika chache tu. Mkesha wa maombi nyumbani uwe wa sauti za vinywa, spika ibaki kanisani. Niliwahi kukaa mkesha mmoja mtaa wa watu, spika mbili zimeelekezwa barabarani hadi saa tisa usiku, tukimwomba Mungu aguse mioyo ya majirani. Majirani walikuwa macho wote, kweli.

Na maulidi yakija, Bagamoyo hupokea wageni wengi. Mtu aliyeipa nguvu hapa tarika ya Kadiriya, njia mojawapo ya masufi wa Kiislamu, Sheikh Ramiya, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa, akaja kuwa mwanachuoni wa kuheshimiwa Pwani nzima. Ninapokumbuka kwamba Wakristo wa kwanza wa mji huu nao walitoka utumwani, huwa naona aibu kunyima mkeka. Azimisha mkeka, azimisha majagi na sufuria kubwa, na vikirudi vimepungua kimoja usifanye mkutano.

Hatua ya saba: msibani

Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ileile. Kwa hiyo ukisikia, nenda. Usingoje kuvaa vizuri. Mwanamume Mkristo akae na wanaume barazani, wakati wa sala ya jeneza asimame pembeni kimya, kisha asaidie kubeba, na kutupia mchanga akikaribishwa. Mwanamke ajifunge kanga, ajitande kichwa, aingie ndani kuhani, kisha aende nyuma jikoni. Usibaki sebuleni kama mgeni rasmi. Kuna mchele wa kuchagua, nazi za kukuna, vyombo vya kuosha. Mimi nakwenda moja kwa moja kwenye vyombo, maana hapo hapana cheo wala maneno.

Toa rambirambi yako kwa jina lako, kiasi unachoweza. Halafu kumbuka kwamba ikishapita siku ya tatu watu hutawanyika. Wewe rudi siku ya kumi au ya kumi na mbili, na mkaa kidogo na sukari, ukae na mfiwa nusu saa. Usimhubirie. Mtu mwenye msiba hana nguvu za kukufunga mlango, na kumhubiria wakati huo ni kumvizia.

Mwaka 1888 na 1889, Abushiri alipoongoza watu wa Pwani kupigana na Wajerumani, watu wengi wa Bagamoyo walikimbilia misheni, na misheni ikawafungulia. Sidhani kama mlangoni kulikuwa na daftari la ubatizo.

Ukianguka, maana utaanguka

Utafokea kijana mbele ya wateja. Utapitiliza siku ya deni. Jirani atakukuta unasema ulichoapa hutasema. Hapo Wakristo wengi tunakimbilia kanisani peke yake: Mkatoliki kwenye kitubio, wengine kwenye maombezi. Ni sawa kwenda. Ila Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo, kapatane naye kwanza. Na Zakayo hakuishia kufurahi mezani na Bwana. Alisimama akataja hesabu: maskini nusu ya mali, na kila aliyemdhulumu mara nne.

Kuomba radhi nako kuna utaratibu. Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Taja kosa lenyewe: "Jana nilikuita mwizi mbele ya watu, na hukuiba." Usiongeze "lakini na wewe". Kama kosa lilikuwa hadharani, radhi iwe hadharani. Rudisha kilichopotea. Kisha nyamaza, na asiposamehe siku hiyo usimkumbushe kwamba dini inaamuru kusamehe. Nilipomlipa bibi zile 45,000, nilimbebea na samaki wawili wakubwa. Alihesabu pesa, akarudisha samaki mmoja. "Huyu ni riba," akasema, "huyu mwingine ni ujirani, namchukua."

Wema si chambo, na wakati wa kusema

Tunaoishi na wavuvi tunajua kazi ya chambo: kinaonekana chakula, ndani kuna ndoana. Ukimsaidia mtu huku unahesabu lini atakuja kanisani, siku akigundua atatema samaki, chambo na jina la Yesu kwa pamoja. Kwa hiyo saidia hata yule unayejua kabisa hatabadili kitu.

Je, tunyamaze milele? Hapana. Padri mmoja alitufundisha kwamba Fransisko wa Assisi, katika kanuni aliyowaandikia ndugu zake mwaka 1221, aliwapa wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu njia mbili: kwanza kuishi bila ugomvi wala mabishano, wakiwa chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri kwamba ni Wakristo, pili kulitangaza neno wakiona inampendeza Bwana. Tangu siku hiyo nimeacha kuona haya kwa kuishi zaidi kwenye njia ya kwanza. Ila angalia, hata njia ya kwanza ina kukiri ndani yake. Usiufiche msalaba wako ukidhani ndiyo adabu.

Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza habari za tumaini letu, kwa upole na kwa hofu. Anayeuliza. Basi andaa jibu fupi lako mwenyewe, la sentensi mbili tatu, la Kiswahili cha uani. Langu ni hili: "Nilikuwa mwongo wa madeni. Yesu alinionea huruma wakati watu wananisema, na mimi najaribu kutomwaibisha." Akitaka zaidi ataniuliza, na mara nyingi hataki zaidi, tunaendelea na habari za bei ya mafuta. Usijibu kwa kusema ubaya wa dini yake. Ukialikwa kwenye mihadhara ya kubishana vitabu, mimi nakushauri ubaki na karai lako. Sijamwona aliyetoka pale anampenda jirani yake zaidi.

Ratiba ya wiki

Kila usiku kabla ya kulala, dakika tano: leo nani ameondoka kwangu amepungukiwa? Jumatano, mtembelee mtu mmoja asiyeweza kukufaa kwa lolote. Ijumaa, kama una mfanyakazi, hakikisha ujira wake uko mkononi mwake. Jumamosi jioni, kabla ya kupiga pasi nguo za kanisani, fungua daftari la madeni usome safu ya tatu.

La kwangu leo lina majina matatu. Muuza mkaa, 6,000, nilisema Jumatatu. Dada wa nyumba ya mbele, jagi moja la plastiki, tangu maulidi. Na dalali wa asubuhi, ndoo moja ya vibua, mali kauli, jioni hii. Kijana wangu ameshapanda baiskeli na pesa iko mfukoni mwake.